Upindo wa Suruali ya Fundi Redio

Ujia wa jengo la maduka ulifurika watu siku Sindano alipogongana na fundi redio. Binti alivaa gauni la njano. Fundi alikumbatia spika pana kuliko kifua chake.

"Samahani mrembo, spika hii haina macho."

"Na wewe je? Yako ni ya pambo?"

Sindano alicheka hadi akasahau vifungo alivyotumwa.

Kupendana kulikuwa rahisi, kuonana ndiyo ikawa kazi. Sindano alilelewa na shangazi yake, akawa anamshonea nguo za wateja dukani kwake na kulala chumba cha nyuma, funguo zote kiunoni mwa shangazi. Fundi alipopiga simu, shangazi aliinyakua.

"Hapa simu huongelewa kwa spika. Haya, mwambie mpenzi wako, na sisi tusikie!"

Bahati nzuri, duka la shangazi na la fundi yalipakana ukuta. Kila binti alipotumwa vifungo, fundi alimfundisha msimbo wa Morse, milio mifupi na mirefu inayounda herufi. Fundi aligonga ukutani. Sindano alijibu kwa cherehani ya miguu, akikanyaga kidogo, akikanyaga kwa muda.

UMEKULA?

BADO. NIMECHOKA.

POLE MPENZI.

Shangazi alidhani ni kazi inapamba moto, akafurahi mwenyewe. Alifurahi mno, akanunua cherehani ya mota. Mota hiyo ikiwashwa hunguruma kutwa, na ukuta ukawa bubu. Vifungo navyo vikawa vinaletwa mlangoni. Sindano alimwona fundi akipita bila hata kutupa jicho, akajilaza usiku akilia kimyakimya.

Siku moja fundi akaingia dukani na suruali inayomzidi urefu, uso umekunjamana. Sindano akapiga magoti kumpima.

"Nimegonga hadi ukuta umechubuka," fundi alinong'ona. "Umepata mwingine?"

"Mwingine yupi, nami nimefungiwa kama kuku? Ni hii mota..."

"Unapima mguu au unahesabu vidole?" shangazi akafoka.

Sindano akapinda suruali ile kwa mkono, uzi mwekundu, mshono mfupi, mshono mrefu: NAKUPENDA. NITOE HAPA.

Kesho yake fundi alirudi ameivaa, upindo ameugeuza nje. Wateja wakaangua kicheko.

"Baba, umevaa kinyume!" shangazi akasema.

"Nimevaa nilivyoelewa, mama. Nimekuja kuposa."

Shangazi akashika funguo zake. "Huyu hatoki! Akitoka, nguo za watu atashona nani?"

Sindano alihisi moyo ukimchoma. Miaka yote aliamini kwamba kufungiwa kule kulikuwa kupendwa. Akazima mota.

"Shangazi, umenilea, na asante sitaacha kukupa. Kumbe wewe ulikuwa unatafuta mshonaji. Mimi nilikuwa natafuta mama."

Sindano akatoka na fundi wake mchana kweupe, machozi yakimlowesha kifua, na hakuna aliyethubutu kumzuia.