Mvua ya Kerosi

"Mvua! Nimesema mvua ya Gwasi! Ya kila siku, si jumla ya mwezi!"

Foleni nzima ya posta ya Migori iligeuka. Ilikuwa siku ya soko, Januari 1997, jua likiwaka wiki ya sita mfululizo, na kwenye simu ya sarafu msichana mrefu aliyevaa jinzi iliyopauka na buti zenye matope makavu alikuwa akimpigia kelele mtu wa Nairobi. Kichwani alifunga kitambaa cha manjano. Simu ikameza sarafu yake ya mwisho, ikakatika.

"Dada, kama mvua ingeagizwa kwa simu," akasema mama mmoja mwenye kapu la omena, dagaa wa ziwani, "sisi wakulima tungehamia hapo."

Watu wakacheka. Msichana naye akajaribu kucheka, akashindwa.

"Mvua ya Gwasi ninayo mimi," ikasema sauti nyuma yake. "Ya kila siku. Iko nyumbani kwenye sanduku."

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, shati jeupe lililopigwa pasi likakaa, kalamu mbili mfukoni, macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Usinitanie, bwana. Leo sina nguvu."

"Sikutanii. Ninunulie chai nikueleze."

Hotelini, chapati zikiwa bado moto, walijuana. Msichana ni Benta Awuor, nyumbani Kosele, mwaka wa tatu wa masomo ya PhD ng'ambo. Mwanamume ni Monari, Mkisii aliyekulia Migori, mwenye ofisi ya kuchapa barua na kutoa fotokopi, kompyuta mbili ndani.

"Na wewe unatafutia nini mvua?" Monari akauliza.

"Natengeneza msitu ndani ya kompyuta. Usicheke! Kule milima ya Gwasi nimepima miti mia tisa, kila mmoja na namba yake. Sasa naandika programu inayoikuza hiyo miti siku kwa siku, kwa mvua na joto. Nikiweza kuifanya ikue vile ilivyokua kweli miaka iliyopita, hapo naweza kuuliza: dunia ikizidi kupata joto, miaka hamsini kutoka sasa, msitu utabaki?"

"Na bila mvua ya kila siku?"

"Bila hiyo ni mchezo tu. Wewe umeitoa wapi?"

"Kakangu Kerosi alikuwa askari wa msitu kule juu, karibu na Kisegi. Kila asubuhi saa tatu alisoma kipimo cha mvua akaandika."

"Alikuwa?"

"Alifariki."

"Pole sana. Lini?"

Monari alikoroga chai aliyokwisha kuikoroga. "Kitambo," akasema.

Sanduku lilipoletwa ofisini na kufunguliwa, Benta alipiga magoti. Madaftari kumi na matano, 1980 mpaka Novemba 1994, mwandiko mmoja mdogo uliolala kulia, hakuna siku iliyorukwa. "Miaka kumi na mitano bila pengo! Monari, unajua umenipa nini?" Akamshika mikono yote miwili. Monari alikuwa amefungua mdomo kusema jambo. Aliitazama ile furaha, akaufunga.

Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, juu ya mwandiko wa marehemu. Wiki baada ya wiki walikaa ofisini kwa Monari, yeye akisoma, Benta akiingiza tarakimu.

"Tarehe tatu?"

"Milimita saba."

"Tarehe nne?"

"Sifuri."

"Tano?"

"Umependeza na hicho kitambaa."

"Monari! Hiyo haiko kwenye daftari."

"Ningekuwa mpimaji mimi, ingekuwako, nyar Kosele." Alimwita binti wa Kosele kwa lugha ya kwao.

Benta alimpiga bega na rula. Lakini lilikuwako jambo lililomsumbua. Kila asubuhi, saa ya ukutani ikifika tatu kamili, Monari alinyamaza. Mkono ulisimama juu ya kibodi, shingo ikainama kidogo, kama mtu anayesikiliza hatua za mwingine nje ya mlango. Dakika mbili, tatu. Kisha alirudi. Benta alipomwuliza, alisema ni mazoea tu. Na walipofika daftari la 1991 alisema koo linamuuma, Benta ajisomee mwenyewe.

Baadaye Benta alihamia nyumba ya wageni huko Homa Bay, apate umeme wa kutegemewa. Simu ilikuwa ya mapokezi, kwa mhudumu Metrine, ambaye hakuona haya kusikiliza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Metrine anasema nimekonda kwa ajili yako."

"Mwambie aniuzie hizo kilo."

Mwezi Septemba simu ikabadilika.

"Monari, msitu wangu hautaki kufa."

"Si hiyo ni habari njema?"

"Si njema! Kule mlimani nimehesabu miti mia mbili na kumi iliyokufa ikiwa imesimama. Mikavu, myeupe kama mifupa. Wenyeji wanasema ilikauka kati ya tisini na mbili na tisini na nne. Lakini kwenye kompyuta iko hai, Monari. Yote. Inanenepa. Mti namba mia nne na sita niliugusa mwenyewe, gome likabaki mkononi, na kwenye skrini una majani. Nahisi kama nakaa na mizimu."

Upande wa pili kilisikika kiti kikisukumwa.

"Uko hapo?"

"Niko."

"Profesa anayenisimamia anasema programu yangu ni mbovu. Nimeiandika upya mara tatu. Amenipa mpaka Desemba, la sivyo nifunge kazi. Labda mimi sikuumbiwa haya mambo." Akalia waziwazi, Metrine akajifanya anatafuta funguo.

"Benta, njoo nyumbani Sabato hii," Monari akasema polepole. "Nina kitu cha kukueleza. Si cha simu."

Jumamosi hiyo Benta alivaa gauni la samawati lenye maua madogo, akapaka mafuta ya nazi, akafika mapema mno. Monari, Msabato, alikuwa bado kanisani. Akazunguka boma la kina Monari nje kidogo ya mji, akipita kati ya migomba, na hapo akayaona makaburi mawili ya saruji. La kwanza lilikuwa la Nyamoita, mama, aliyefariki Novemba 1994. La pili lilikuwa limeandikwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi: KEROSI. AMELALA 14 MEI 1991.

Tarakimu za daftari la 1991 alizijua kwa moyo. Tarehe kumi na tano Mei, 1991, siku moja baada ya kufa kwake, Kerosi alikuwa amepima milimita tisa. Kumi na sita, nne. Kumi na saba, kumi na mbili. Kwa mwandiko uleule, miaka mitatu na nusu.

Monari alimkuta amesimama palepale, mkoba umeanguka miguuni.

"Nani aliyeandika?" Benta akauliza.

"Mimi. Kerosi ndiye aliyenifundisha kuandika. Mwandiko wetu ni mmoja."

"Ulipanda mlimani kupima?"

"Sijawahi kupanda tangu siku aliyokufa. Nilizitunga." Alivua kofia yake ya kanisani. "Mama alikuwa haoni, Benta. Kila mwisho wa mwezi Kerosi alikuja akamsomea mvua ya kule juu. Alipokufa, mwezi ulipoisha, Mama alikaa kwenye kigoda mlangoni akasema: nisomee. Alijua mwanawe amezikwa hapa, hatua ishirini. Bado alisema, nisomee. Ningemsomea nini?"

"Na mimi? Mimi nilikuwa kipofu pia? Ulinitazama nikiziingiza!"

"Nilikutazama."

"Miezi minane, Monari! Nilikulilia kwa simu!"

"Ndiyo sababu nikakuita leo."

"Leo! Baada ya kunizika na kakako!" Aliokota mkoba. "Usinifuate."

Monari alipiga simu Homa Bay kila siku. "Amesema nikwambie hayuko," Metrine alimjibu mara ya tisa, akashusha sauti, "na amesimama hapa mbele yangu, macho mekundu. Pole, kaka."

Oktoba mvua ikaja. Watu waliiita El-Nino kama jina la mgeni mwenye fujo. Barabara zilikatika, madaraja yakaenda na maji. Benta, amejifungia chumbani, alitoa ile miaka mitatu na nusu, akaweka badala yake rekodi hafifu za mjini Homa Bay, zenye mapengo, kisha akaanzisha programu na kungoja. Siku ya pili asubuhi miti ilianza kufa. Mia na tisini na nane. Namba mia nne na sita ulikauka Februari 1994.

Programu haikuwa mbovu. Yeye pia hakuwa mbovu. Alitarajia kufurahi, badala yake akajikuta ameshika daftari la 1992 na kulisoma kama barua. Ndipo akaona jambo ambalo kompyuta haikumwambia. Hapakuwa na mahali popote sifuri tano zilizofuatana. Kabla ya kila msimu wa kupanda palikuwa na mvua tulivu ya siku nne. Hapakuwa na mvua ya mawe, wala mafuriko. Ukame ulipokuwa ukiua milima ile, mtu mmoja alikaa mezani akimnyeshea mama yake mvua ya kutosha, mwezi baada ya mwezi, mpaka alipomzika.

Alimwandikia Profesa ukweli wote, kurasa mbili. Kisha akapiga simu Migori. Aliyeitikia ni Mong'ina, jirani aliyeuza vitambaa.

"Ofisi nimeachiwa mimi. Monari ameenda Gwasi."

"Na mvua hii yote?"

"Si ndiyo hiyo mvua ameifuata? Huu mwezi wa pili sasa. Dada, kama wewe ndiye Benta, nenda ukamtoe huko. Alikuwa akiogopa hata kutaja jina la ule mlima."

Gari lilimfikisha Kisegi, likagoma. Alipanda kwa miguu, ukungu mzito, miti mikavu ikitokea mmoja mmoja kando ya njia na kupotea tena nyuma yake. Kibanda cha askari kilikuwa bado pale, bati limeoza. Mbele yake, katika uwazi wa nyasi, mwanamume mwenye koti kuukuu la kijani la askari wa msitu alikuwa ameinama juu ya kipimo, amempa mgongo. Benta alitazama saa yake. Ilikuwa saa tatu.

"Kerosi?" Neno lilimtoka kabla hajalizuia.

Mtu yule akageuka. Ndevu zimeota, mashavu yameingia ndani, lakini macho yalikuwa yale.

"Nilikuwa nasikia kila siku anakuja nyuma yangu," Monari akasema, sauti kama ya mtu aliyesahau kuongea. "Leo nilisikia hatua nikajua nikigeuka nitamwona. Kumbe ni wewe."

"Unafanya nini hapa, Monari?"

Akampa daftari jipya, limefungwa kwa nailoni. "Siwezi kukurudishia ile miaka. Nimekuletea siku arobaini na moja. Hizi ni za kweli."

Benta alifunua kurasa. "Milimita tisini na nne kwa siku moja?"

"Nilidhani kipimo kimeharibika. Nikasimama nacho mvuani kuhakikisha."

Benta aliangua kicheko kilichogeuka kilio. Waliingia kibandani, na huko, maji yakidondoka kila pembe, Monari alimweleza lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Mei ile alikuwa amekuja kumtembelea kakake. Asubuhi ya kumi na nne Kerosi alimwambia: leo kanisomee wewe kipimo, nina homa. Monari alijifunika blanketi akasema dakika tano. Kerosi akaenda mwenyewe. Chini ya kipimo, kwenye nyasi, palikuwa na nyoka aina ya kifutu, akamuuma. Kufika Kisegi akiwa mgongoni mwa mdogo wake, alikuwa ameshakata roho.

"Ilikuwa zamu yangu," Monari akasema. "Kila siku saa tatu, ni zamu yangu."

Benta hakumwambia kwamba si kosa lake. Alilivua lile koti lililolowa mabegani mwake, akamfunika na lake, akakaa karibu naye mpaka kutetemeka kukaisha.

"Kabla hatujashuka," akasema mwishowe, "kuna kaburi lingine sijaliona?"

"Hakuna. Kuna hofu moja tu. Kwamba utarudi ng'ambo na huko ukae."

"Hata mimi ninayo hiyo."

"Basi nioe... yaani, nikuoe. Benta, nimechanganyikiwa, nisaidie."

"Mkisii wewe! Mwanamke anaombwa hivyo, na ndevu za namna hiyo?" Lakini alikuwa ameshamshika mkono. "Nenda Kosele umwone Baba. Mwambie ukweli wote, hata wa madaftari. Akikukubali na huo, nami nimekubali."

Huko Kosele mzee alimsikiliza kuanzia chai hadi chakula cha mchana, akauliza tu kama yule mama alikufa akiwa na amani. Monari akasema ndiyo. Basi, mzee akasema, lete watu wako.

Benta aliondoka kwenda ng'ambo Februari 1998. Tasnifu yake ilipotahiniwa mwaka uliofuata, pengo la miaka mitatu na nusu lilikuwamo katikati ya mchoro, jeupe. Mtahini mmoja akauliza kwa nini hapo pako wazi. "Mpimaji alifariki," Benta alijibu.

Alirudi Agosti 1999, wakaoana Kosele. Wiki moja baada ya harusi walipanda Gwasi pamoja, naye akamwonyesha Monari, kwa kidole, mpaka ambao kompyuta ilisema msitu utakuwa umerudi nyuma hadi hapo ifikapo 2050. Miti yote ya chini itakuwa imekwenda. Utabaki ukanda mwembamba tu kileleni.

Monari alikifuata kile kidole kwa macho hadi kileleni. "Una hakika?"

"Sina. Ningependa nikosee."

"Na sisi? Kompyuta inasemaje?"

"Sisi sikutuingiza," Benta akasema, akamshika kiuno, wakaanza kupanda kwenda kileleni kuihesabu miche iliyoota baada ya mvua.