Majina Ndani ya Kifuniko

Waliomwita mchawi, walikuja na mapanga,
"Sitoki, wala siliwi!" alijibu wa Maganga.

Shangazi yangu Limi alitengeneza redio pale Masumbwe, kazi aliyofundishwa na marehemu mumewe, Maganga. Moshi wa kuchomelea nyaya ulimwachia macho mekundu. Na miaka ile, Usukumani, mjane mwenye macho mekundu hakuhitaji ushahidi mwingine ili aitwe mchawi. Jilala, mdogo wake Maganga, alitangaza kwamba shangazi ndiye aliyemla kaka yake. Akampa hadi Jumamosi awe ameihama nyumba.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo, mwaka 1996, Mumtaz mwenye duka alimletea kompyuta ya zamani, ile ya kuunganishwa na televisheni, inayosoma programu kutoka kwenye kaseti. Maganga alikufa siku aliyomaliza kuitengeneza.

"Ichome moto, Mama Mariana," Mumtaz alimnong'oneza shangazi. "Dukani inawaka bila waya."

"Nikiichoma, dada yangu, nitawaonyesha nini akina Jilala?"

Mumtaz akaondoka bila kugeuka nyuma. Shangazi akalegeza parafujo.

Mafundi wa kwetu wana desturi: amalizapo kazi, fundi hukwaruza jina lake na tarehe ndani ya kifuniko, ili ajaye ajue nani alimtangulia. Humo mlikuwa na majina matatu. Thobias. Sostenes. Maganga. Wote shangazi aliwafahamu. Kila mmoja alizikwa kesho ya tarehe aliyoiandika.

Alifanya kazi kana kwamba hakuyaona. Alisafisha kila kitufe kwa spiriti, akabadilisha kapasita mbili zilizovimba. Kiungo kimoja hakikumridhisha, akakichomelea mara tatu. Akakaza kifuniko, hakukwaruza kitu. Akaunganisha televisheni na betri ya gari. Kioo cha televisheni kikaandika neno moja.

FUNDI?

Akachomoa betri. Neno halikuzimika.

"Siandiki," akakiambia kioo. "Na sihami."

Saa tisa alasiri Jilala alifika na wenzake wawili, mapanga mikononi.

"Shemeji, bado umo? Au unamsubiri fisi wako wa kichawi akubebe?"

"Fisi wangu amechoka, Jilala. Ingia usome kilichomuua kaka yako."

Akamfungulia kifuniko. Jilala akasoma majina, akacheka.

"Umeyakwaruza mwenyewe."

Shangazi akakaza tena parafujo zote nne.

"Na hapo kioo kinauliza nini?" akasema Jilala.

"Jina la fundi aliyeitengeneza. Usiguse. Wenzako ni mashahidi: nimekwambia usiguse."

"Nyumba ni ya kaka yangu, vyombo ni vya kaka yangu. Fundi hapa ni mimi."

Akabonyeza. Herufi moja. Ya pili. Hadi ya sita.

Kioo kikazima.

Jilala akageuza shingo polepole, kama mtu aliyeitwa kutoka nyuma. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

"Kaka?" akanong'ona.

Akaanguka.

Wenzake wakakimbia. Panga moja lilibaki kizingitini.

Shangazi alifungua parafujo zilezile alizozikaza kwa mkono wake. Jina la nne lilikuwamo, pamoja na tarehe ya siku hiyo, unga wa plastiki ungali mweupe mikwaruzoni. Herufi J ilikuwa na mkia mrefu uliopinda kushoto. Aliujua mkia ule. Aliuona mara nyingi katika barua za Maganga za uchumba.

Saa tisa walikuwa wanne chumbani. Jua lilipozama, aliyekuwa bado amesimama humo ni Limi.