Dirisha la Bafuni

Mokeira alikuwa amekwisha kuvuka lango, anakimbia, makaratasi ameyakumbatia kifuani, huku mama yake akimwita kutoka jikoni.

"We Mokeira! Hata chai hujamaliza!"

"Nitakunywa jioni, Mama!"

Mama alitaka kuongeza neno, lakini Duke alianza kukohoa, naye mama akarudi ndani. Duke, mdogo wake Mokeira, alikuwa na miaka mitatu. Tangu mvua zianze pale Manga, alishinda jikoni penye joto, na penye moshi, na kikohozi hakikumwacha.

Makaratasi yale yalikuwa kwa ajili yake. Mwalimu Nyangau alikuwa amewaambia wanafunzi wa Gredi ya Nane watengeneze video fupi za sayansi: mmoja anachora na kueleza, mwenzake anamrekodi kwa simu kutoka juu. Kisha mwalimu anaituma kwenye kundi la wazazi. Baba yake Mokeira, Machogu, alikuwa mwashi huko Birongo, na alirudi nyumbani Jumapili tu. Mokeira alikuwa amemwomba mara tatu atoboe dirisha jikoni. Mara zote alijibiwa kwamba bibi zake walipikia katika jiko kama hilo hilo na wakazeeka. Labda video angeiamini.

Shuleni, rafiki yake Cynthia alishika simu ya mwalimu juu ya meza. Mokeira alichora koo kama bomba, na chini yake mifuko miwili, akieleza mbio mbio kama mtu anayefukuzwa.

"Moshi huingia kwenye mabafu. Mabafu yakikosa hewa safi, mtoto hukohoa. Toboeni dirisha. Asanteni."

"Tuisikilize kwanza," Cynthia akasema.

"Ya nini? Unataka yako itangulie, sivyo?"

Mwalimu akaja kuchukua simu. "Mmeisikiliza?"

"Mara mbili, Mwalimu," Mokeira akadakia.

Cynthia alimtazama, kisha akampa mwalimu simu. Video ikatumwa.

Jumapili Mokeira hakutulia kanisani hata kidogo. Waliporudi walimkuta baba uani, nyundo mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mwanangu, nimetoboa!"

Mokeira alikimbilia jikoni. Ukuta ulikuwa mzima.

"Si huko! Bafuni, njoo uone."

Nyuma ya migomba, bafu lao la udongo sasa lilikuwa na dirisha kubwa linalotazama barabara. Mtu wa boda boda akapita, akachungulia, akapiga honi.

"Baba Mokeira," mama akasema, "sasa nitaoga nikisalimiana na Manga nzima?"

"Si binti yako aliyesema? Mabafu yakikosa hewa, toboeni dirisha. Tena akachora mabafu mawili na bomba la maji!"

Mama alicheka hadi akakaa chini. Mokeira naye alitaka kucheka, lakini Duke alikuwa anakohoa kule ndani, anakohoa mpaka anatapika.

"Baba, si bafu. Ni yale ya kifuani, ya kupumulia."

"Mbona hukusema hivyo?"

Jumatatu, kabla ya kengele, Mokeira alisimama mbele ya mwalimu. "Mwalimu, nilikudanganya. Hatukuisikiliza hata mara moja."

Mwalimu Nyangau aliicheza video mpaka mwisho.

"Mabafu," akasema. "Sisi watu wa huku ndimi zetu ndivyo zilivyo, 'p' hugeuka 'b'. Pesa tunaita chibesa, na hayo mapafu hunigeuka mabafu hata mimi mbele ya wakaguzi. Hilo si kosa. Kosa ni kuniambia umesikiliza wakati hujasikiliza. Ukimweleza mtu sayansi, anakuamini, anakwenda kuifanya. Kwa hiyo hakikisha, na kama hujahakikisha, sema kweli. Baba yako alitoa jasho lake mahali pasipohitajika, na mtoto bado anakohoa."

Mokeira aliomba radhi, Cynthia naye akaombwa radhi. Walirekodi upya mara nne. Safari hii alimchora mtoto mzima, mapafu yakiwa kifuani, na dirisha kwenye ukuta wa jikoni.

Machogu alitoboa dirisha la jikoni Jumapili iliyofuata. Lile la bafuni lilizibwa kwa bati. Duke alipelekwa zahanati, akapewa dawa, na baada ya wiki tatu kikohozi kikapungua. Mwalimu Nyangau alihamishiwa Kebirigo. Cynthia siku hizi hutengeneza video za hesabu. Mokeira yuko Gredi ya Tisa. Bado ana haraka, ila husikiliza kabla ya kutuma.