Vifungo vya Mkanda wa Bibi Arusi

Kabla hakujapambazuka, mlango wa kabati la sebuleni ulikuwa ukigonga. Tik. Kimya kidogo. Tik tena. Bibi Nedelya Karova aliusikia akiwa kitandani, akashangaa, maana kabati lile lilikuwa halikai wazi hata siku moja. Alivaa ndara zake, ambazo msichana wake wa kazi humwekea kando ya jiko la kuni la chumbani zipate joto, akashuka ngazi polepole akishika ukuta.

Ufunguo ulikuwa mlangoni pa kabati badala ya kuning'inia kwenye msumari wake chini ya picha ya Mtakatifu Nikola. Alipoushika, ulimnata vidoleni. Akajifuta kwenye gauni lake la kulalia na kuvuta mlango. Bilauri zilikuwepo. Kitambaa cheusi kilikuwepo. Vifungo viwili vya fedha vya mkanda, ambavyo wanawake wa ukoo wake walivivaa siku ya arusi kwa vizazi vitano, havikuwepo.

Sajenti Tsveta Mandova alipanda kutoka bondeni saa mbili asubuhi, mara tu trekta la theluji lilipofungua barabara. Alikung'uta viatu vyake mlangoni kwa muda mrefu asichafue sakafu ya mtu. Ndani alikuta watu wanne na chai iliyokwisha poa.

Aliyekuwa wa kwanza kusema ni Ginka, binti wa marehemu dada yake Bibi Nedelya. Ndiye aliyeendesha chumba cha kukodisha skii, mbao za kutelezea kwenye theluji, nyuma ya nyumba hiyo ya wageni.

"Sajenti, usijichoshe. Tumeshampata." Akaweka mezani kifungo kimoja cha fedha. "Kilikuwa kwenye mkoba wa huyu, kimefungwa ndani ya soksi."

Huyu alikuwa Zdravka, msichana wa kazi, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, mikono mapajani. Mkoba wake ulikuwa wazi juu ya meza ya chakula, nguo zake za ndani zikionekana na kila mtu. Sajenti aliufunga mkoba ule kabla ya kufanya jambo lolote.

"Nani aliupekua?"

"Mimi," Ginka alisema. "Mama mkubwa aliniruhusu."

Bibi Nedelya alitazama dirishani.

"Na kifungo cha pili?"

"Muulize mwenyewe. Pengine kishafika kwa mchumba wake. Anaolewa baada ya Pasaka, sijui kwa mahari gani."

"Mchumba wangu ana ng'ombe kumi na mmoja," Zdravka alisema taratibu. "Hajawahi kuomba kitu cha mtu."

Mgeni pekee aliyebaki, Bwana Lyubomir Panchev kutoka Varna, alikohoa. Alikuwa mtu mnene mwenye mashavu yaliyobabuka kwa upepo wa mlimani. Kila majira ya baridi alikuja kijijini hapo, Beli Rid, akateleza siku sita, na kuanguka siku zote sita.

"Mimi naweza kwenda zangu? Viti vya kamba vya kupandisha watu mlimani vinaanza saa tatu. Theluji ya leo haijakanyagwa na mtu."

"Kwani wewe unateleza, Bwana Panchev?" Ginka alimcheka. "Mimi nilidhani unakuja kupima ugumu wa mlima kwa makalio."

"Napima. Na mwaka huu umezidi kuwa mgumu."

Sajenti hakucheka. Alikuwa amepita kwenye kijichumba cha viatu alipoingia, pale ambapo viatu vyote vya skii hukaushwa usiku kucha juu ya bomba la moto.

"Bwana Panchev, viatu vyako vya kutembelea vimelowa hadi ndani. Theluji mpya ilianza kuanguka baada ya watu wote kulala. Ulikuwa wapi alfajiri?"

Mashavu yaliyobabuka yakazidi kuiva.

"Nilitoka kupunga hewa."

"Kwenye theluji ya kufika magotini?"

"Ndiyo."

"Kwenda wapi?"

"Karibu tu."

Ginka alimtazama kwa jicho jipya. Hata Bibi Nedelya aligeuka kutoka dirishani. Mtu wa umri wake afungue kabati, atoke gizani na kitu mfukoni: jambo hilo lilianza kuonekana linawezekana. Lakini Sajenti alikuwa amekwenda dirishani mwenyewe. Ng'ambo ya njia, kwenye nyumba ya mjane Totka mwenye mguu mbovu, ngazi zilikuwa zimefagiliwa theluji hadi mawe yakaonekana. Koleo lilikuwa limeegemezwa vizuri ukutani.

"Mjane Totka anasemaje kuhusu ngazi zake?" Sajenti aliuliza.

"Anadhani ni mtoto wa jirani," Panchev alinong'ona. "Tafadhali usimwambie. Ataanza kunipikia, nami daktari amenikataza siagi."

Zdravka alitabasamu kidogo, mara ya kwanza asubuhi ile.

Sajenti akavuta kiti. "Sasa tuanze tangu jana. Jana ilikuwa Jumapili ya Msamaha. Bibi Nedelya, mara ya mwisho uliviona lini vifungo?"

"Jioni. Nilitoa bilauri za divai mwenyewe, vifungo vilikuwepo. Nikafunga. Ginka alikuja, akabusu mkono wangu, akaniomba msamaha kama desturi. Nikamwambia Mungu amsamehe. Kisha tukacheza halua: kipande cha halua nyeupe yenye kokwa za jozi kinaning'inizwa kwa uzi kwenye fimbo, watu wanakidaka kwa mdomo."

"Nani alicheza?"

"Mimi, huyu binti, na wewe ungekuwepo ungecheza," Panchev alisema. "Nilishinda mimi. Niliidaka yote kwa mdomo, nikaimeza nzima nzima, karibu nife. Zdravka ndiye aliyenigonga mgongo."

"Mikono yenu ilikuwa wapi?"

"Nyuma, kwani itakuwa wapi? Ukiigusa halua kwa mkono unatolewa mchezoni, hata mtoto anajua."

"Kwa hiyo ninyi mlipata halua usoni."

"Mpaka kwenye nyusi."

"Ikabaki nyingine?"

"Kilikuwa kipande kimoja."

"Baada ya hapo?"

"Tulitoka kwenda kuruka moto wa sikukuu kijijini," Bibi Nedelya alisema. "Zdravka alibaki kuosha vyombo. Mabomba ya juu yaliganda tangu Ijumaa, kwa hiyo maji yapo jikoni tu."

"Ndiyo hivyo," Ginka alidakia. "Alibaki peke yake nyumbani. Sijui tunazunguka nini."

"Zdravka, ulioshaje vyombo?"

"Kwa maji ya moto na sabuni, Sajenti. Nilianza mara tu mchezo ulipokwisha. Niliwasikia wakivaa makoti. Sikutoka jikoni mpaka waliporudi."

Sajenti aliinuka, akauendea mlango wa kabati, akaugusa ufunguo kwa ncha ya kidole. Kisha akarudi mezani na kukigeuza kile kifungo cha fedha. Kwenye michoro yake ya majani, upande wa chini, kulikuwa na kitu cheupe kilichokauka, na kipande kidogo cha jozi.

"Bibi, ufunguo huu ulikunata ulipoushika?"

"Ulininata. Nilidhani ni jamu."

"Siyo jamu." Sajenti aliketi. "Jana watu wawili walikuwa na halua usoni, na mikono yao ilikuwa safi. Mmoja kati yao alikwenda moja kwa moja kwenye sabuni. Ginka, nani alikuwa ameshika fimbo yenye uzi?"

Ginka alianza kukusanya vikombe vya chai.

"Bega langu ni bovu," Bibi Nedelya alisema kwa sauti ndogo. "Nilimwomba yeye ashike mahali pangu."

"Na nani aliifunga halua kwenye uzi?"

"Yeye."

"Ginka, uliosha mikono wapi?"

"Nilijifuta kwa theluji."

"Huko nje, kwenye moto. Lakini kabla ya kutoka hukuweza, kwa sababu maji yalikuwa jikoni, na jikoni alikuwemo Zdravka. Nani alitoka nyumbani wa mwisho?"

Panchev alijibu, macho yakiwa mezani. "Alisema amesahau skafu."

Kuni ziliporomoka ndani ya jiko. Ginka alimtazama mama yake mkubwa, si Sajenti.

"Ulimwahidi yeye," alisema. "Nilikusikia Krismasi. 'Utavivaa siku yako, mwanangu.' Vilikuwa vya bibi yangu mimi. Mama yangu alivivaa. Mimi nina miaka arobaini na minne, na sijawahi kuguswa navyo hata kiunoni kwa kujaribu, kwa sababu hakuna aliyenioa. Ukaona umpe mtu wa kufua mashuka."

"Ungeniambia," Bibi Nedelya alisema.

"Ningekuambia nini? Nivae vifungo vya arusi nikigawa viatu vya skii?"

"Kimoja ukamwekea yeye," Sajenti alisema, "ili afukuzwe. Na cha pili?"

"Kiatu cha saizi arobaini na nane. Hakijawahi kukodiwa."

Panchev alikwenda kukileta mwenyewe. Alikitikisa, na kifungo kikaangukia kiganjani mwake. Alikifuta kwa leso yake safi kabla ya kukiweka mezani kando ya mwenzake.

Sajenti alishuka na Ginka kuandikisha maelezo kituoni. Alimfungulia mlango wa gari na kumwekea blanketi magotini, maana safari ilikuwa ya baridi. Panchev alipanda mlimani akiwa amechelewa, na kutoka sebuleni walimwona akianguka kwenye mteremko wa kwanza.

Zdravka alikuwa amekunja nguo zake upya. Bibi Nedelya alivifunga vifungo viwili kwenye kitambaa cheusi, akamsogezea.

"Ni vyako. Nilikwisha sema."

"Asante, Bibi. Viache kabatini kwanza."

"Hutaki?"

"Basi la saa sita linanisubiri. Mama mkwe ana kitanda cha ziada." Alivuta zipu ya mkoba. "Mkoba wangu ulifunguliwa hapa mezani. Nawe, Bibi, ulikuwa umekaa pale pale ulipokaa sasa, ukitazama dirishani."

Bibi Nedelya aliinuka. Alimfuata hadi mlangoni, akamfungia kifungo cha juu cha koti kwa vidole vyake vilivyokakamaa, kazi iliyochukua muda, na Zdravka alisimama akamngojea amalize. Kisha akashuka ngazi. Alikuwa amefika langoni aliposikia anaitwa.

"Zdravka. Ukipata nafasi, njoo unione. Hata kama hutaingia ndani."