Nilimpa Editha Sauti ya Juu Mbele ya Baba Yake

Nina miaka thelathini na tisa, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nachingwea, na sijaolewa. Nawaandikia haya nikijua baadhi yenu mtanichukia. Nichukieni, lakini someni hadi mwisho.

Parokiani kwetu kuna kwaya kubwa yenye kinanda na magitaa. Sisi tulikuwa kikundi kidogo pembeni, watu wanane tu, wawili kwa kila sauti. Tulikuwa tukiimba nyimbo za kale za Kilatini, zilizotungwa karne nyingi kabla ya babu zetu kuzaliwa. Vijana wa kwaya kubwa walitutania: "Kwaya ya marehemu hao, wanapita!" Tulicheka nao. Tulizipenda nyimbo zetu.

Kwa asiyezijua, nimweleze taratibu. Nyimbo hizi haziimbwi na kinanda. Mtu mmoja wa sauti ya kwanza anaanza peke yake, kisha sauti ya pili inamfuata na maneno yale yale, halafu ya tatu, halafu ya nne, kama watu wanaopita kwenye njia nyembamba shambani. Wa mbele akijikwaa, wote wanaanguka.

Kwa miaka kumi na moja wa mbele nilikuwa mimi.

Kisha akaja Editha, binti wa miaka ishirini na mbili kutoka Nkowe, wilayani Ruangwa. Alikuja mjini kujifunza ushonaji. Mimi ndiye niliyempa chumba kwangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma nota, jioni baada ya jioni, nikimwambia, "Usiogope, mdogo wangu. Rudia tena, umekaribia." Na kweli alikaribia... akanifikia... akanipita!

Sauti yake ilikuwa kama maji ya mtungini. Yangu ilishaanza kukwaruza. Je, sikulijua hilo? Nililijua. Ndiyo maana liliniuma.

Ilipokaribia jubilei ya parokia, Mwalimu Gervas, kiongozi wetu, alisema mbele ya wote, "Safari hii aanze Editha. Wewe Yustina, sauti yako imeshatulia, mama. Utatutolea sauti ya kuanzia."

Imeshatulia! Kama maharage yaliyoiva! Wenzangu walipiga makofi. Nami nilipiga, tena kwa nguvu kuliko wote.

Tangu siku hiyo kila kitu cha Editha kilinichukiza. Kuimba kwake akifua. Kuniita "dada" kila baada ya neno. Hata namna alivyonibakizia chakula kizuri nilipochelewa shuleni.

Kazi yangu mpya ilikuwa kupuliza filimbi ndogo ya duara, ndogo kama kifuniko cha chupa ya chai. Ina matundu yenye sauti mbalimbali. Napuliza tundu moja kwa upole, Editha anaichukua sauti ile, anaanza. Nikipuliza tundu la juu zaidi, wimbo wote unapanda, na pale kileleni koo la mwanadamu halifiki. Na kwa kuwa hakuna kinanda, ukishaanza hakuna wa kuushusha.

Siku ya jubilei, baba yake Editha aliletwa kutoka Nkowe kwa bodaboda, amefungwa kanga kifuani, anakohoa. Alikuwa mgonjwa wa muda mrefu na hakuwahi kumsikia mwanawe akiimba na sisi. Kabla ya misa alinishika mikono yote miwili. Akanipa korosho alizobangua mwenyewe.

"Wewe ndiye mwalimu wa mwanangu? Mungu akuongezee, mama. Leo hata nikifa nimeridhika."

Wasomaji wenzangu, baada ya maneno hayo si ningerudi nyuma? Sikurudi! Nilisimama, nikamwona Editha ananitazama akisubiri, anatabasamu... nikapuliza tundu la juu.

Alisita kidogo tu. Kisha akaanza. Wa pili akafuata, wa tatu, wa nne. Walipofika kileleni sauti ya Editha ilipasuka kama chungu. Walio nyuma yake wakapotea mmoja baada ya mwingine. Mwalimu Gervas akainua mkono, tukanyamaza katikati ya neno. Kwenye benchi za vijana mtu akacheka.

Baba yake alikuwa amesimama, kofia mkononi. Akakaa polepole.

Njiani kurudi nyumbani Editha alilia. Akaniambia, "Dada, niliisikia iko juu. Ila nikasema, dada Yustina hawezi kukosea. Basi ni masikio yangu mabovu."

Nilimpikia chai!

Majuma matatu baadaye baba yake alifariki. Tulikwenda Nkowe kuzika. Ndugu wakamwomba Editha amwimbie baba yake, akakataa. "Alinisikia nikishindwa. Inatosha."

Hapo ndipo nilipovunjika. Nilimvuta nyuma ya jiko, kuni zikiwa bado mikononi mwake, nikamweleza kila kitu. Nilitegemea anipige. Hakunipiga. Aliziweka kuni chini, moja moja, akasema:

"Kwa hiyo baba alinisikia nikiongoza wimbo mara moja tu maishani, dada. Na hiyo moja ukaichukua wewe."

Hakurudi Nachingwea. Nguo zake alikuja kuzichukua shangazi yake. Nilikiri pia kwa Mwalimu Gervas nikamrudishia filimbi. Akasema, "Mbona hukuniambia kwamba inakuuma? Ningewapa muimbe kwa zamu."

Kwa zamu! Lilikuwa jambo dogo kiasi hicho...

Ndugu zangu, wivu humjia kila mtu, usijione shetani kwa kuwa nao. Lakini usiufuge kimya huku ukipiga makofi. Siku ile ile unapoanza kuuma, mtafute mtu mmoja umwambie, "Hili linaniuma." Utaona aibu kidogo, na yataisha. Mimi niliikimbia aibu ya siku moja, na sasa ninayo ya maisha.

Nawe Editha, kama gazeti hili litakufikia huko Nkowe: tumebaki saba. Ule wimbo hatujaurudia, wala hatujampa mtu mwingine mwanzo wake.