Tumbo la Mume Wangu Lilidunda, Wakasema Nimempa Sumu

Nina miaka arobaini na mmoja, ni mjane, mkulima wa Masisi, mashariki mwa Kongo. Wengine watasema nimezusha. Semeni mnavyotaka! Naandika kwa sababu usingizi umenikimbia, na kwa sababu mtoto wangu bado yuko hai.

Mume wangu Kambale alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo. Tulikuwa na binti mmoja, Masika, na duka Pinga, la chumvi, sabuni na mafuta ya mawese. Mama yake na kaka yake Paluku waliishi nasi. Hawakunipenda. Mimi Muhunde, si wa kabila lao, mwanamke wa jembe... kwani kwao wasichana walikuwa wamekwisha? Kambale alikuwa anacheka tu. Jamani, nilimpenda mtu yule!

Ilikuwa miaka ya vita. Leo njia iko wazi, kesho imefungwa, keshokutwa tuko msituni na magunia kichwani. Kambale akaanza kulalamika mgongo, tukasema ni mizigo. Kisha tumbo. Jioni moja aliniomba niweke kiganja juu ya kitovu chake. Nikaweka... kulikuwa na kitu kinadunda humo ndani, kama moyo wa pili. Mpaka leo nakisikia kiganjani nikilala.

Mwuguzi wa kituo cha afya alimpapasa taratibu, akanigeukia.

"Mama Masika," akaniambia, "hii haiko minyoo. Ni mushipa mukubwa wa damu njo umevimba. Muntu asimukande. Mutafute njia, mufike naye Goma."

Nilifurahi kupata jibu. Mjinga mimi! Nyumbani walikuwa na jibu lao: karuho. Kwetu huku mtu akikonda na tumbo likamsumbua, hawaulizi anaumwa nini, wanauliza nani amemlisha sumu. Karuho ndiyo sumu yenyewe. Wanaamini inakaa tumboni miezi na miezi, na kama inacheza ujue iko hai, lazima mgonjwa akandwe mpaka aitapike. Na chakula cha Kambale alikuwa anapika nani?

Paluku akasema nataka kumpeleka ndugu yake Goma ili afie njiani, kisha niponyoke. Mama mkwe hakunitazama hata usoni. Kwao mgonjwa ni wa ukoo, si wa mke. Kambale alikuwa amechoka kubishana nao. Akaninong'oneza nitafute pikipiki, yeye ataongea na mama yake.

Asubuhi iliyofuata njia ilikuwa wazi. Nilikimbia sokoni, nikambembeleza dereva mpaka akakubali. Tulipokaribia nyumba nikasikia Kambale analia. Mwanaume yule, sikuwahi kumsikia akilia! Ndani, mganga wa karuho alikuwa amepiga magoti, mikono imejaa mafuta, anamkanda tumbo kwa nguvu zake zote. Paluku ameshika miguu. Nilipiga kelele wamwache, mama mkwe akanizuia mlangoni. Kisha kilio kikakatika... Midomo ya Kambale ikawa myeupe, jasho la baridi likamtoka, tumbo likajaa. Alifariki tukimtazama.

Mganga alisema karuho ilikuwa imekomaa mno. Wote wakamwamini.

"Njo weye ulimumaliza," Paluku akaniambia. "Toka. Mutoto anabakia, iko wetu."

Niliondoka Pinga kwa miguu, sikumzika mume wangu, sikumuaga Masika wangu. Kuna mama anayeweza kutembea hivyo akafika mzima?

Miaka ikapita. Nilipompeleka mama yangu hospitali Goma, nilimsimulia daktari yote. Alisema hakumwona Kambale, hawezi kuapa, lakini anaona mwuguzi alisema kweli. Ukuta wa mshipa mkubwa, akanieleza, umesukwa kwa nyuzi: nyingine ngumu za kushikilia, nyingine zinavutika kama lastiki, na kati yake kuna ute wa kuziunganisha. Ugonjwa ukiviharibu vitu hivyo, ukuta unalegea, unavimba kidogo kidogo. Ukiukanda, unaweza kupasuka. Sumu haikuwepo. Haikuwepo!

Nililia kwa nafuu. Lakini daktari hakuwa amemaliza.

"Bwana yako alikuwa murefu sana? Vidole virefu, vyembamba?" Nikaitika. "Mulizala naye mutoto?"

Akasema watu wa umbo hilo mara nyingine huwa na ugonjwa huo, na mzazi anaweza kumrithisha mtoto, na Masika apimwe mapema.

Nimetuma watu Pinga si mara moja. Jibu wanaloniletea ni kwamba mchawi aache kumtisha mtoto. Waliomwona wananisifia: Masika amekuwa msichana mrefu kuliko wenzake wote, mrefu kama baba yake! Wao wanatabasamu, mimi nakumbuka swali la daktari. Je, tumbo lake limeshaanza kudunda? Atamwambia nani?

Ndugu zangu, tumbo la mtu wenu likidunda, msimkande, wala msipoteze saa kumtafuta mchawi. Mfikisheni hospitali. Na wewe unayesoma haya ukiwa Pinga, ukimwona binti mrefu anayeitwa Masika, wa Kambale wa duka, usimwambie nimekutuma mimi, wamemfundisha kuniogopa, atakimbia. Mwambie tu asikubali mtu yeyote amkande tumbo.