Maji Kwenye Oili

Wewe ungeuza gari alilofia mumeo, au ungelitengeneza?

Mjane huyu aliamua kulitengeneza. Ilikuwa asubuhi ya jua kali, gereji imejaa nyundo na redio, naye kasimama na mkoba kwapani kama aliye kwenye foleni ya benki. Mafuriko yalilisomba gari lile mtoni na mumewe akakutwa ndani, peke yake. Tangu siku hiyo watu walimsema marehemu kwa jeuri ya kuingia majini, mtu aliyekuwa akizunguka mtaa mzima kukwepa dimbwi! Hilo ndilo lililomnyima mjane usingizi, wala si gari.

"Liuze, shemeji," mdogo wa marehemu alimsihi kwa mara nyingine. "Lina nuksi."

"Nuksi yake ni gasketi, inapitisha maji kwenye oili. Muulize fundi."

Fundi alikwishabadilisha gasketi na kuisafisha injini yote. Maji ya rejeta hayakupungua hata tone. Leo alifungua kopo jipya la oili mbele yao, akamimina, akawasha, akaiacha ingurume kidogo. Akazima. Akachomoa kijiti cha kupimia oili.

Nyeupe. Kama chai ya maziwa.

"Si umemimina sasa hivi?" mjane alinong'ona.

Fundi alidondosha tone kwenye bomba la moshi lililopata moto. Likatatarika. Maji. Alifuta kijiti kwa kitambaa, akakinusa. Tope la mto. Kwenye kitambaa palibaki mchanga, na jani jembamba la majini. Bichi.

"Mama, hili mimi sikufundishwa."

Mtu akazima redio.

Ndipo wakasikia. Ko. Ko. Ndani ya gari.

Milango ilikuwa imefungwa. Viti vitupu. Kioo kimoja kilikuwa na ukungu kwa ndani, na kwenye ukungu kikajichora kiganja. Kikateleza polepole, kikichuruzika. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda.

Mjane alikijua kidole hicho. Alikishika miaka mingi.

Akasogea. Kioo cha upande wa abiria. Si wa dereva.

Aligeuka. Shemeji yake alikuwa ameketi chini, suruali imelowa hadi magotini, na sakafu yote ya gereji ilikuwa kavu.

"Shemeji. Nani alikuwa anaendesha?"

Alikitazama kile kiganja.

"Aliniambia tugeuze. Nikamcheka. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha, shemeji. Nilitokea dirishani kwangu. Yeye alibaki anagonga kioo. Nilimsikia, nikaondoka."